Sinia la Wakwe

Nyarugusu, Geita
8 Septemba, 2024

Kwako Sengi Asteria, shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuamkia na kwa Kisukuma usije ukasema machimbo yamenisahaulisha: mwangaluka, mayu. Hapa kwetu mhola duhu, kwema tu. Wiliam kikohozi kimekwisha, sasa ni kelele tu, na ameng'oka jino la mbele, kwa hiyo akikusalimia anapuliza upepo. Vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ni lile lile. Nikifua asubuhi, mchana nguo zina rangi ya ukuta. Wewe je, mgongo umetulia? Na yule ndama uliyesema hataki kunyonya, alipona?

Barua hii nampa Donatus, kondakta wa basi la Shinyanga. Ningekuandikia kwenye simu, lakini simu yako inachajiwa dukani kwa Jilala, na Jilala husoma ujumbe wa watu kabla ya wenyewe, kisha huwahadithia wateja wa sukari. Jambo hili sitaki alijadili.

Sengi, kazi yangu imepanda cheo. Unajua nilianza kwa kuwauzia wanaapolo, wachimbaji wetu, vipande vya tikiti na nanasi pale karashani, wakitoka shimoni midomo imekauka. Sasa naitwa majumbani. Duara la mtu, yaani shimo lake, likitema dhahabu, anafanya sherehe, na mke wake anataka meza ipendeze. Iwe kipaimara, iwe sendofu, iwe Iddi, masinia ya matunda yanatoka kwangu. Nanasi la Geita nalikata kwa menomeno na majani yake nayaacha yasimame. Tikiti nalichonga kikapu chenye mkono. Papai nalikunja liwe ua. Ndizi nazipaka ndimu zisigeuke nyeusi, na papai naliweka mwisho kabisa maana hutoa maji likaharibu wenzake. Hakuna aliyenifundisha. Nimeharibu matunda mengi, na yaliyoharibika tumeyala mimi na Wiliam mpaka akaniomba ugali kwa adabu.

Nakutumia picha moja niliyosafisha Geita mjini. Itazame vizuri kabla hujasema neno.

Sasa lenyewe. Mwanao Klara ameniambia wakwe wanakuja siku ya pili ya Krismasi, baba yake Gregory na ukoo wake kutoka Sengerema, kuja kumtazama mchumba wa mtoto wao. Ameniomba meza ya matunda niitengeneze mimi. Nami nataka, Sengi. Nataka kupanga masinia yangu mbele ya wageni, watu wa Samuye waone kazi ninayofanya huku, maana najua wanavyosema juu ya mwanamke anayeishi machimboni na mtoto wake bila mume. Nipe ruhusa yako.

Wako,
Paskazia


Samuye
21 Septemba, 2024

Kwa Mama Wiliam,

Marahaba, marahaba sana. Sisi tupo. Mgongo haujatulia, ila nimeuzoea kama mtu anavyozoea jirani mkorofi. Ndama alipona, sasa ananyonya hadi mama yake anamkimbia. Mvua bado. Asubuhi michembe ya viazi vikavu, jioni ugali wa mtama na mlenda, tunamshukuru Mungu. Klara hana analofanya ila kucheka peke yake. Uchumba ni ugonjwa. Mwambie Wiliam jino alitupe juu ya paa, asilizike.

Picha nimeiona. Nimeiweka ndani ya Biblia isije ikakunjwa na watu, usidhani ni kwa kuipenda. Nimemwonyesha jirani mmoja tu. Basi, wawili.

Lakini mwanangu, hapana. Matunda kwetu ni chakula cha wachungaji. Mtoto akiwa na ng'ombe kule ngitilini, kwenye malisho tuliyoyafunga, njaa ikimshika anapanda mfuru, anapasua tonga kwenye jiwe, jioni anarudi midomo myeusi. Mtu mzima hula tunda akiwa njiani, wala hahesabu kwamba amekula. Sasa mkwe? Mkwe anakuja na heshima zake, unamchinjia dume, unampikia ugali unaosimama, unamwekea maziwa ya mgando, na bado anaweza kuondoka akisema hakushiba. Nikimwekea tikiti lililochongwa nitakuwa nimemwambia: baba, hapa hakuna chakula, kaokote. Hilo litazungumzwa mpaka Klara awe na wajukuu.

Kazi yako siidharau. Ila kila kitu na uwanja wake. Watengenezee hao matajiri wa dhahabu. Siku hiyo njoo mikono mitupu, vaa vizuri, ukae jikoni na wenzako kama kawaida.

Sengi yako,
Asteria


Nyarugusu
6 Oktoba, 2024

Sengi,

Shikamoo. Barua yako Donatus aliisahau chini ya kiti, ikaenda Mwanza ikarudi. Tuko wazima. Wiliam alitupa jino juu ya bati, likaviringika likamrudia. Amekasirika na wewe.

Hata baada ya kuipata nilikaa nayo, maana hasira ilitaka kuandika badala yangu. Kukaa jikoni kama kawaida! Jikoni napajua, Sengi, wewe ndiye uliyenifundisha tangu baba yangu alipofariki ukanichukua. Lakini kila nikija nyumbani watu wananiuliza, "Bado uko huko?" kwa sauti ile unayoijua, nami sina cha kuwaonyesha. Sasa ninacho. Ukiniambia nikiache nyuma, umewaambia wana haki ya kuniuliza hivyo.

Nisikilize. Kahama yuko mama mmoja wa Kihindi, Lataben, watu humwita Mama Sunil. Duka lao la vipuri wanaapolo wote wanalijua. Alizaliwa Shinyanga mjini na Kisukuma anaongea kunishinda. Mkwewe Anjali aliiona meza yangu kwenye sherehe moja Geita, na sasa wameniagiza masinia ya Diwali, sikukuu yao ya taa, mwisho wa mwezi huu. Nyumba ile inajua kukaribisha watu, na kwao matunda ndiyo heshima yenyewe.

Tuwekeane ahadi. Mama Sunil akiridhika na masinia yangu akaniita tena, nawe uniruhusu mbele ya wakwe. Asiporidhika nitakuja mikono mitupu na hutanisikia tena nikilisema jambo hili.

Wako,
Paskazia


Samuye
13 Oktoba, 2024

Mama Wiliam,

Marahaba. Kichwa kigumu hicho umerithi kwa baba yako, Mungu amlaze pema. Yeye alikuwa akibishana hata na mvua. Nimekubali. Mama Sunil na awe mwamuzi.

Ila usiende kwa watu kama mtu asiye na kwao. Chakula unachokipeleka nyumba ya mwenzio unakifunua mbele ya mwenye nyumba, unaonja wewe kwanza, ndipo unampa kwa mikono miwili. Ajue hakina sumu wala kinyongo. Hata kama ni tajiri, hata kama ana haraka. Hapo ndipo mtu hujulikana amelelewa na nani.

Mvua moja imenyesha, ya kutudanganya. Klara anakusalimu, na Wiliam mwambie paa la bati halihesabiki, mimi nilimaanisha la nyasi.

Sengi yako,
Asteria


Samuye
17 Novemba, 2024

Mama Wiliam,

Mhola? Sikukuu ya taa imepita, mwezi umegeuka, mbegu tumeshazifukia, na wewe kimya. Nimemuuliza Donatus, akatazama viatu vyake. Akasema uko mzima, ila siku hizi hukati matunda, unauza maandazi.

Maandazi, Paskazia?

Sikuulizi Kahama palitokea nini. Nakuuliza tu kama unakula vizuri na kama Wiliam anakwenda shule. Ukitaka kujibu na lingine, karatasi ni pana.

Sengi yako,
Asteria


Nyarugusu
24 Novemba, 2024

Sengi,

Shikamoo. Tunakula. Wiliam anasoma, mwalimu wake anamsifu kwa hesabu na kumlalamikia kwa mdomo. Maandazi yanauzika.

Karatasi ni pana kweli, basi soma.

Masinia yale sijawahi kutengeneza mazuri kama hayo. Mananasi niliyachagua mwenyewe shambani, nikiyanusa kitakoni moja moja. Nikaweka komamanga, zabibu, machungwa ya kumenya kwa duru moja, na katikati ya sinia kubwa nikasimamisha ua la papai. Nilisafiri nalo mapajani Nyarugusu mpaka Kahama, limefunikwa kitambaa chenye maji, na kila shimo la barabara nalinyanyua kama mtoto mchanga. Nilipofika hakuna zabibu iliyohama.

Mlango ulikuwa na taa ndogondogo, na sakafuni wamechora maua kwa unga wa rangi. Mama Sunil akatoka mwenyewe, wageni wake nyuma. Akalitazama sinia, akaweka mkono kifuani, akanishukuru kwa Kisukuma chetu: wabeja, wabeja. Nami nikafanya ulivyonilea. Nikafunua, nikachomoa kipande cha nanasi mbele yao wote, nikala, nikameza, nikampa sinia kwa mikono miwili.

Wageni wakatazamana. Mama Sunil akapokea, akatabasamu kwa midomo tu, akampa mtu alipeleke jikoni. Sikuelewa. Anjali ndiye aliyenisindikiza mpaka getini akanieleza polepole. Sinia lile lilikuwa likae kwanza mbele ya Mungu wao, kwenye maombi ya jioni ile, na chakula kilichokwisha kuonjwa na mtu hakipelekwi hapo tena. Hawakunitukana wala hawakuninyima haki yangu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Sinia langu zuri kuliko yote nimeliharibu kwa adabu.

Hajaniita tena, kwa hiyo umeshinda. Nitakuja mikono mitupu, nitakaa jikoni. Visu nimevifungia sandukuni na sidhani kama nitavitoa. Usimwambie Klara.

Wako,
Paskazia


Samuye
30 Novemba, 2024

Paskazia,

Leo sikupi salamu ndefu. Watu wazima, ng'ombe wazima, mvua imekuja kweli.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaenda kupalilia nikiwa na hasira mpaka nikang'oa mahindi nikayaacha magugu. Nani kakwambia nimeshinda? Ahadi yetu ilikuwa aridhike na kazi yako, na umeandika mwenyewe kwamba aliweka mkono kifuani. Mkono wako haukukosea. Ni mimi niliyeituma adabu ya Samuye iende Kahama bila kuuliza kwao adabu ikoje, tena nikaiandika kwa majivuno kama askofu.

Sasa fanya hivi. Visu vitoke sandukuni. Nenda Kahama kwa Mama Sunil. Usiende kulia wala kujikunyata kama mwizi. Nenda ukamweleze kwa nini ulionja na maana yake ni nini. Mtu aliyezaliwa Shinyanga ataelewa. Asipoelewa, atakuwa ameelezwa.

Na masinia ya wakwe utaleta. Simsubiri tena mwamuzi wa Kahama. Mtu aliyepakata sinia safari nzima ile na zabibu isihame, huyo haji nyumbani kwangu mikono mitupu. Wanaotaka kusema tumewapa wakwe chakula cha machungani watasema wakiwa wameshiba nyama, maana dume nalo nitachinja.

Maembe yanaanza kuiva. Matonga nayo nimeyafukia mchangani yalainike. Usinijibu kwa maandazi.

Sengi yako,
Asteria


Nyarugusu
15 Desemba, 2024

Sengi,

Shikamoo, tena shikamoo kubwa. Kwetu mhola. Wiliam amefunga shule na tayari amevunja sahani. Makarasha yamepunguza kelele, watu wanarudi makwao kwa sikukuu.

Nilikwenda. Nilipita mbele ya duka nikarudi, nikapita tena, mpaka mlinzi akaniuliza natafuta nini. Mama Sunil alikuwa nyuma ya kaunta, miwani puani. Nikamwamkia, nikamweleza yote: kwamba sikula kwa ulafi, kwamba kwetu anayeleta chakula huonja kwanza ili mwenye nyumba ajue hakina sumu wala kinyongo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya sari.

"Kwenu mnaonja kumlinda mwenye nyumba," akasema. "Kwetu mwenye nyumba wa kwanza ni Mungu, na Yeye haogopi sumu."

Akaniambia siku ile wageni walilimaliza sinia lote kule kule jikoni, wamesimama, hakuna aliyengoja sahani. Kutoniita kulikuwa aibu yake yeye. Aliona amenipokea vibaya, hakujua aanzie wapi.

Na ameniita tena. Juma lililopita walikuwa na maombi nyumbani, akataka sinia la matunda mazima yasiyoguswa na kisu. Mimi bila kisu, Sengi! Nilizunguka soko la Kahama kama mchumba anayechagua. Nikapanga mapera, matopetope, komamanga na mkungu mdogo wa ndizi, katikati nanasi la Geita limesimama na majani yake. Wakati wa kupanga nilijifunga kitambaa mdomoni kwa hiari yangu, hata pumzi isilifikie. Mama Sunil alipoliona akanikalisha kitini, akawaambia wateja dukani kwamba huyu ndiye fundi wake. Nilitoka pale natembea kama nimevaa viatu vipya.

Naja tarehe ishirini na nne. Mananasi nabeba mimi, wewe niwekee matikiti na mapapai yasiyoiva sana. Matonga usiyapasue. Nataka maganda yake yawe bakuli.

Wako,
Paskazia


Samuye
29 Desemba, 2024

Paskazia mwanangu,

Hujambo? Ulidandia gari la Kahama wageni wangali mezani, hata nyama yako hukuibeba. Najua sendofu ya Geita ilikuwa inakusubiri, lakini kuaga ni bure. Sisi wazima, tumechoka tu. Sufuria za watu bado zinatafuta wenyewe. Wiliam alisahau shati, nimempa Donatus pamoja na barua hii.

Uliipanga meza ile ukakimbilia jikoni, ukajificha nyuma ya moshi, kisha ukaondoka. Kwa hiyo hukuona, na sitaki usimuliwe na Klara, ataongeza maua.

Wakwe walinawa, wakala ugali, wakala nyama. Matunda hakuna aliyegusa. Walipita kando ya meza yako kwa heshima, wengine wakipiga picha. Mwisho mama yake Gregory akamwuliza Klara polepole kama mapambo yale ni ya kukodi na yanarudishwa lini. Walidhani ni plastiki, mwanangu. Na majirani zetu nao wamekaa wananitazama, wanangoja niaibike wapate la kubeba kisimani.

Unajua mila yetu. Mama mkwe hali mbele ya mkwe wake wa kiume. Hata maji huyanywa nyuma ya nyumba. Mama yangu mzazi aliwaoza binti zake wote na hakuna mkwe aliyewahi kumwona akitafuna.

Mimi nikainuka. Nikatembea mpaka mezani, nikachomoa lile ua la papai lililokuwa juu kabisa, nikalila. Mbele ya Gregory, mbele ya baba yake, na padre akiwepo. Maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Lilikuwa tamu, nami nilikuwa na hasira, nikachukua na nanasi. Gregory aliinamisha macho chini kwa adabu. Nimempenda kijana yule.

Hapo meza ikavamiwa. Watoto walisukumwa na watu wazima, nimeona kwa macho yangu. Baba yake Gregory alishika tonga kwa mikono miwili, akachota kwa kidole, akaanza kutusimulia ng'ombe aliowachunga utotoni mmoja mmoja kwa jina, na hakuna aliyeweza kumnyamazisha. Jua lilipopinda yalibaki maganda na mbegu.

Ndipo mama yake Gregory akasimama akauliza fundi ni nani, wamwagize kwa Pasaka. Sauti moja ya nyuma ikawahi kujibu kwamba ni mtoto wa marehemu kaka yangu, yule wa machimboni. Nikamkata maneno yangali mdomoni.

"Ni binti yangu mkubwa," nikasema. "Anaitwa Paskazia. Kazi yake ndiyo hii."

Nikalirudia jina kwa walioketi mbali. Watu wakapiga vigelegele, na wewe uliyestahili kuvisikia uko barabarani unakula vumbi.

Sasa wanakutaka Sengerema kwa Pasaka, na watu watakuwa wengi kuliko hapa. Nimewaambia sina mamlaka ya kukusemea, fundi ana ratiba yake, nitamwandikia. Basi nimekuandikia. Ukikubali, usibebe mzigo ule peke yako tena. Pitia hapa unichukue. Kuchonga sijui, lakini kuosha matunda naweza, na kukamua ndimu naweza. Wewe utasema, mimi nitafanya.

Mama yako,
Asteria